Chekeche la Senene

Mwenyekiti Ishengoma alifika matangani na mkungu wa ndizi. Aliubeba mwenyewe begani, ili watu wamwone akiubeba, akaushusha mlangoni kwa Datius na kujipangusa utomvu kwa jani kavu. Wanawake waliokuwa wameketi kwenye nyasi zilizotandazwa chini wakasogea kumpa nafasi. Akakaa, akanyamaza kiasi kinachompasa mtu aliyeingia msibani, kisha akakohoa.

"Poleni sana, waitu, ndugu zangu."

"Tumeshapoa," alijibu Georgina, dada mkubwa wa Datius, kwa niaba ya nyumba nzima.

Datius alikuwa ameegemea ukuta, miguu ameinyoosha mbele kama si yake. Mkewe Theopista alikuwa upande wa wanawake, anachambua maharage ambayo yalikwisha kuchambuliwa. Mtoto wao Kokuberwa, ambaye ndiyo kwanza alikuwa anajifunza kuhesabu vidole vyake na kila mara kukosea, alizikwa juzi nyuma ya nyumba, katikati ya migomba. Vilio viliisha siku ile ile. Sasa watu walikaa tu, na mvua ya Novemba ikija na kuondoka juu ya paa.

"Ndugu Datius," alisema Ishengoma, "najua si wakati wake. Lakini kuna mgeni wa mkoani anakuja Jumamosi kukagua kijiji. Gari lao halina matairi. Wameagiza sisi tukamchukue Bukoba."

"Mkamchukue."

"Ndiyo. Sasa, na mvua hizi, na yale matundu ya gari..." Ishengoma aliitazama kofia yake, akaigeuza ndani nje. "Kamati imekubali yatengenezwe."

"Imekubali," Datius alirudia.

"Jana jioni. Kwa kauli moja."

"Niliomba tangu masika."

"Uliomba, nani anakataa? Tukajadili. Kijiji kina mambo mengi, ndugu yangu."

Gari lenyewe lilikuwa pikapu ya kijiji, ya kubebea kahawa, wagonjwa na viongozi. Mwaka uliopita tawi la mkaratusi liliangukia boneti likaipondaponda, na kwa kuwa boneti ya aina ile haikupatikana popote, ililetwa nyingine kutoka Uganda, ya gari la aina nyingine. Ilikuwa na matundu mawili juu, kama pua. Zamani matundu hayo yalikuwa na nyavu za chuma zenye vibati vya kuelekeza maji pembeni, lakini zilifika zimeliwa na kutu, zikaanguka vipande vipande barabarani. Watoto wa shule wakalipa gari jina la Empunu, yaani nguruwe, wakawa wanalifuata nyuma wakikoroma. Ukiyaziba matundu kwa bati, injini ilichemka. Ukiyaacha wazi, mvua iliingia moja kwa moja kwenye nyaya za moto wa plagi, na gari likazima.

Wiki ile ile ya msiba lilizima na Kokuberwa akiwa ndani, juu ya mapaja ya mama yake, anachemka homa, wakimkimbiza hospitali. Walikuwa wameipita Muleba, hawajafika Muhutwe. Datius alivua shati akakausha nyaya. Gari likawaka, likaenda kidogo, likazima. Akakausha tena. Mara ya tatu lilipowaka, mvua ilikuwa imekatika, na Theopista akasema neno moja tu: "Geuza."

"Kesho ulipeleke kwa fundi," Ishengoma aliendelea. "Keshokutwa ni Jumamosi."

Georgina aliinua kichwa. "Mwenyekiti, matanga hayajaondolewa. Mfiwa hashiki chuma. Hata majirani hawajagusa majembe yao."

"Spana si jembe, mama."

"Ni mti?"

Mwanamke mmoja alicheka puani, akaziba mdomo. Ishengoma hakucheka. Alisema kwamba yeye hamlazimishi mtu, msiba ni wa wote. Kama Datius hawezi, Anatory, shemeji wa Ishengoma mwenyewe, aliendesha magari jeshini na yupo tu nyumbani. Apewe ufunguo. Akipewa, atakaa nao, kwa sababu kamati haiwezi kila siku kumnyang'anya mtu mmoja na kumpa mwingine kama watoto wanaogombania mpira.

Watu wote waliokuwa pale walielewa. Migomba ya Datius ilikuwa imeliwa na wadudu mpaka ndani ya mashina. Kilichokuwa kinailisha nyumba ile ni huo ufunguo. Bila ufunguo angerudi kulima shamba la kijiji chini ya filimbi ya msimamizi.

Datius alitia mkono mfukoni, akaugusa, akautoa mkono mtupu.

"Nitakwenda," alisema.

*

Tatizo lilikuwa waya. Fundi Bashiri wa Bukoba alikwisha kumwambia Datius tangu masika: mikono ninayo, wavu sina, na mwenye duka lenye wavu simjui. Datius alimfuata Ishengoma nje, akamkumbusha zile chanja za waya za kuanikia kahawa zilizolala ghalani bila kazi.

"Zile ni mali ya umma," alisema Ishengoma.

"Na gari?"

"Gari nalo ni mali ya umma. Huwezi kukata mali ya umma ukatengenezea mali ya umma. Tutaeleza nini?" Akampiga bega taratibu. "Jitahidi, ndugu. Wewe ni mtu wa kujitahidi."

Datius alirudi ndani, akaenda chumbani, akaketi ukingoni mwa kitanda. Hakuwa anafikiri kitu. Alikuwa anatazama ufa kwenye ukuta, ambao mtoto alizoea kuuchokoa udongo na kuula.

Theopista aliingia nyuma yake. Alikuwa amesikia. Akanyoosha mkono hadi kwenye msumari uliokuwa kichwani mwa kitanda, akatungua chekeche.

Lilikuwa chekeche kubwa la mviringo, fremu ya mbao, waya wake wa shaba laini unaong'aa kama mpya. Datius alilinunua Bukoba msimu wa senene uliopita. Theopista alidamka asubuhi nyingi akaokota senene kwenye nyasi zenye umande mpaka vidole vikafa ganzi, akawanyonyoa mbawa na miguu, akawakaanga, akamwandalia mumewe, yeye mwenyewe bila kuonja, kwa kuwa mwanamke hali senene, kama mama yake alivyokuwa haonji. Mwanamume aliyeandaliwa senene humpa mkewe nguo. Mwaka ule nguo hazikuwepo madukani, Datius akarudi na chekeche, kwa aibu, akasema, "Lisikie lilivyo zito." Wanawake walicheka kisimani kwamba Theopista atavaa chekeche kanisani. Yeye alilipenda. Alichekechea unga wa uji wa mtoto, hakumwazima mtu.

"Chukua," alisema.

Datius alilipokea. Akalielekeza dirishani, akatazama mwanga ukipita kwenye vitundu. Vilikuwa vidogo sana. Tone la mvua lingepasukia juu yake.

"Litafaa," alisema.

"Ni lako," alisema Theopista. "Nakurudishia."

"Zitatoka nyavu mbili. Fremu ndiyo itabaki."

Kitu cha senene hakirudishwi. Datius aliyajua hayo toka utotoni, kama alivyojua kwamba mtu hapiti juu ya miguu ya mkubwa wake. Nguo ya senene huchakaa mwilini mwa mwanamke, ikawa tambara la kubebea mtoto, ikawa kitambaa cha kushikia sufuria, lakini hairudi mkononi mwa aliyeitoa. Mwanamke anayeirudisha huwa amekwisha kufunga mzigo wake, na mume akiipokea huwa amemruhusu. Theopista alisimama pale akimtazama, akampa muda. Datius alikuwa anapima chekeche kwa shubiri.

Alipotoka nalo kwapani, Georgina alimwona. Akafungua mdomo. Lakini Ishengoma alikuwa bado uani anaagana na wazee, na mambo ya chumbani hayasemwi mbele ya mwenyekiti. Akaufunga.

*

"Mimi Mwislamu, swala tano, wewe kila siku unaniletea nguruwe!" Fundi Bashiri alilipokea gari kwa kelele, kama kawaida yake. Karakana yake ilikuwa mabati manne na kivuli chembamba, mjini Bukoba, si mbali na soko. "Na leo kaja analia pua."

"Nimeleta waya," alisema Datius.

Bashiri alilichukua chekeche, akalibusu kwa mzaha. "Shaba! Umeiba wapi? Basi, usiniambie, nisije nikaitwa shahidi." Akalipindua, akalipiga kwa ukucha, likalia. Kisha akauliza huku ameshainama kwenye boneti, "Haya, nyumbani? Mama hajambo?"

"Hajambo."

"Na yule binti yangu wa kuhesabu, aliyenihesabia vidole sita?"

Datius alikuwa anafungua bawaba ya boneti. Spana ilikuwa baridi mkononi.

"Hajambo," alisema.

Neno lilitoka lenyewe, kwa kuwa ndilo hutoka. Akangoja lirudi, halikurudi. Bashiri alikwisha kuhamia jambo lingine.

Walishusha boneti, wakailaza juu ya magunia. Bashiri alikata kwa tindo vichwa vya ribiti za zamani, akakwangua kutu mpaka bati safi likaonekana. Kutoka kwenye debe la mafuta ya kupikia alikata vipande vyembamba, akavikunja na kuvilaza mshazari kama mbao za dirisha, kimoja kinafunika kingine, ili upepo upite na maji yateleze pembeni. Kisha akaliweka chekeche chini, akalikanyaga kwa mguu mmoja, akapitisha mkasi wa bati katikati. Waya ulilia kidogo. Datius alishika upande mmoja. Nusu hii tundu hili, nusu ile tundu lile. Wakapunguza kingo, wakakunja, wakapigilia ribiti mpya kuzunguka. Fremu ya mbao Bashiri aliitupa kwenye lundo la vyuma.

"Sasa tumtawadhishe," alisema.

Wakairudisha boneti mahali pake. Bashiri akapanda kwenye bampa na debe la maji, akayamwaga juu ya matundu, polepole, kisha kwa kishindo, kisha debe la pili. Maji yaliruka juu ya waya, yakafuata vibati, yakamwagika chini pembeni mwa magurudumu. Wakafungua. Bashiri alimshika Datius mkono, akaupitisha juu ya nyaya za plagi.

"Pakavu?"

"Pakavu."

"Kama unga! Na hii ni kazi ya asubuhi moja tu, bwana. Asubuhi moja. Mlikuwa mnangoja nini mwaka mzima?"

Datius aliendelea kupapasa zile nyaya. Zilikuwa kavu kila mahali alipogusa. Alipapasa muda mrefu mpaka Bashiri akamwambia atoe mkono, anataka kufunga.

Wakati wa kuondoka, Bashiri aliingia kwake akatoka na visheti ndani ya karatasi ya gazeti. "Mpelekee binti. Mwambie babu yake bado ana vidole vitano, ajaribu tena."

Datius alisema asante, akaviweka mbele ya usukani.

*

Jumamosi mgeni wa mkoani alikuwa mtu mnene, mpole, mwenye kikohozi. Aliuliza jina la dereva, akalisahau, akamwita Ndugu Dereva. Walipoiacha Bukoba nyuma, mawingu yalikuwa yameinama mpaka kwenye vilima, na walipoipita Muhutwe mvua ikaanguka yote kwa pamoja, kama mtu amepindua pipa. Barabara ikapotea. Datius alipunguza mwendo, akawa anasikiliza injini kwa tumbo.

"Nimeambiwa gari hili lina tabia ya kuzima," alisema mgeni.

"Lilikuwa nayo."

Mgeni aliona karatasi ya gazeti mbele ya usukani, akaichungulia. "Visheti! Hivi vya nani?"

"Vya mtoto."

"Mtoto atanisamehe. Nimetoka bila chai." Akachukua kimoja, kisha kingine, akavitafuna kimoja baada ya kingine, akizungumza juu ya mbegu bora na vyoo. "Mwanamke anayejua kupika huyu," alisema.

Wakafika pale. Datius alipajua kwa mikaratusi iliyosimama kwenye kona, na kwa ukingo wa udongo ambao Theopista alikuwa ameuegemea na mtoto, chini ya jani la mgomba, wakati yeye akikausha nyaya. Mvua ilikuwa ile ile. Matundu ya boneti yalikuwa mbele ya macho yake, waya wa shaba unarusha maji huku na huku. Injini haikubadilisha sauti. Gari likapanda kona, likapita, likashuka upande wa pili.

"Liko vizuri," alisema mgeni, akapangusa makombo kwenye kifua.

Mkutanoni Ishengoma alisimama akaeleza jinsi kamati ilivyoona tatizo la gari na kulitatua kwa nguvu za wananchi wenyewe, bila kuomba senti serikalini. Watu wakapiga makofi. Mgeni akaomba kuiona boneti, akaigusa, akasema hiyo ndiyo maana ya kujitegemea. Datius alikuwa amesimama karibu na gurudumu la nyuma. Mtu mmoja akamsukuma mbele apigiwe makofi naye, akapigiwa.

Jioni alipofika nyumbani, nyasi za matanga zilikuwa zimeondolewa na sakafu imefagiliwa. Georgina alikuwa peke yake jikoni.

"Yuko wapi?"

"Kaondoka na basi la mchana. Kwao Buhembe."

"Kasema atarudi lini?"

Georgina alipuliza moto, akakohoa moshi, akageuka. "Datius. Alikurudishia kitu cha senene?"

"Alinipa waya."

"Nakuuliza, alikurudishia?"

Datius alitazama kuelekea chumbani. Mlango ulikuwa wazi na msumari ulikuwa juu ya kitanda, mtupu.

"Alisema, nakurudishia," alijibu.

"Ukapokea."

"Nilidhani ni waya."

"Mawe!" Georgina alimwita mama yake, akakaa chini kwenye kigoda kama mtu aliyekatwa miguu. "Na mimi nilikuona nalo. Nilikuona, nikamheshimu Ishengoma."

Georgina akainuka, akampakulia ndizi, na Datius akala zote, kwa sababu zilikuwa mbele yake.

*

Jumapili alfajiri alimrudisha mgeni Bukoba. Usiku senene walikuwa wameanguka, na njia nzima watu walikuwa wameinama kwenye nyasi, wazee na watoto, makopo mikononi, wakiitana. Senene wengine walikuwa bado hewani. Walikuja mbele ya gari kama makapi yanayopepetwa, wakagonga kioo, wakagonga boneti.

Alipomshusha mgeni hakugeuza. Alichukua njia ya Buhembe, akasimamisha gari mbele ya migomba ya mama mkwe wake, akazima. Ndipo alipoona. Nyavu zote mbili zilikuwa zimejaa senene, wa kijani na wa kahawia, wamenasa kwa miguu kwenye vitundu, wengi bado wazima wakichezesha pembe zao. Alikata jani la mgomba, akalipashapasha juu ya injini ili lilainike, akaanza kuwang'oa mmoja mmoja. Hakuwahi kuokota senene tangu awe mtu mzima. Ilikuwa kazi ya wanawake na watoto. Mtu akipita na baiskeli alimwangalia, akaangalia tena.

Mama mkwe, Mama Klaudia, alikuwa mjane na alikaa peke yake. Alitoka, akapiga goti nusu na kugeuza uso pembeni, kama inavyompasa mtu mbele ya mkwewe.

"Karibu, tata," alisema, akimwita baba kwa heshima. "Habari za msiba?"

"Tumeshapoa, mama."

"Yupo ndani. Hajala."

Theopista alikuwa ameketi karibu na mlango wa nyuma. Alikuwa amevaa gauni lile lile la siku gari lilipozima. Datius alikaa kwenye sakafu mbali kidogo, akaliweka lile jani katikati yao, akalifungua. Senene wakaanza kujivuta taratibu. Mama Klaudia alichungulia, akashika kidevu. Mwanamume hamletei mwanamke senene. Hata neno la jambo kama hilo halipo.

"Wameokotwa wapi?" aliuliza Theopista.

"Walinasa kwenye chekeche."

Kuku aliingia, akawaona senene, Mama Klaudia akamfukuza.

"Jana mvua ilikukuta?" Theopista aliendelea.

"Ilinikuta."

"Wapi?"

"Pale pale. Kwenye mikaratusi."

"Kubwa?"

"Kama ile."

"Likazima?"

Datius aliitazama mikono yake. Ilikuwa na utando wa kijani wa senene.

"Halikuzima," alisema.

Theopista alitikisa kichwa polepole, kama mtu aliyeuliza bei na kutajiwa ile ile aliyoitegemea. Kisha mkono wake ukaenda kwenye jani. Ukamchukua senene mmoja, ukamnyofoa mbawa, ukamnyofoa miguu, ukamweka kando. Ukachukua mwingine. Vidole vilikwenda vyenyewe, haraka, na macho yake yalikuwa uani. Datius alikaa akitazama lundo la mbawa likikua. Kengele ya misa ililia mbali, ikanyamaza.

"Ishengoma anataka gari kabla ya mchana," alisema mwishowe.

"Basi nenda."

Datius akainuka. Mama Klaudia alimsindikiza mpaka kwenye migomba, bila kumtazama, akasema njia njema. Gari liliwaka mara moja, mlio safi.

Theopista aliendelea mpaka senene wakaisha. Akakusanya mbawa na miguu, akatupa nje kwa kuku. Akarudi, akaketi mbele ya jani lenye senene waliosafishwa vizuri, wametulia, tayari kwa sufuria. Mama yake aliuliza kama awashe moto. Katika nyumba ile hapakuwa na mwanamume wa kumwandalia, na wao wawili walikuwa hawali.